Oskar Barnack: Fundi mwenye pumu aliyeipunguza kamera ikaenea mfukoni

YEYOTE anayetaka kununua kamera siku hizi hukabiliwa na swali gumu. Je, achukue kamera ndogo ya mfukoni, ambayo lenzi yake haing’oki, au achukue kamera isiyo na kioo cha ndani, ambayo lenzi zake hubadilishwa kulingana na kazi? Ya kwanza ni nyepesi na haimchoshi mwenyewe. Ya pili hutoa picha safi zaidi, hasa penye mwanga hafifu, ila huhitaji mkoba, lenzi za ziada na mfuko mnene wa pesa.

Swali hilo si geni. Zaidi ya miaka 100 iliyopita lilimkosesha raha fundi mmoja Mjerumani ambaye mapafu yake yalikuwa dhaifu, na ambaye kila alipobeba kamera yake kupanda mlima alihema kama mtu aliyekimbizwa. Jina lake lilikuwa Oskar Barnack.

Barnack alizaliwa mnamo Novemba 1, 1879 katika kijiji cha Lynow, kusini mwa jiji la Berlin. Hakuwa mtoto wa tajiri wala hakupitia chuo kikuu. Alijifunza ufundi wa mitambo akiwa mwanagenzi katika karakana iliyotengeneza vyombo vya elimu ya nyota. Alipohitimu, alizunguka huku na huko akitafuta kazi, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi chipukizi wa zama hizo.

Mnamo 1902 aliajiriwa na kampuni ya Carl Zeiss mjini Jena, iliyosifika duniani kwa lenzi na hadubini. Huko ndiko mapenzi yake ya kupiga picha yalikokomaa. Siku za mapumziko alipenda kutembea katika misitu na milima ya Thuringia, kamera begani.

Lakini kamera ya wakati huo haikuwa mzigo wa kuchezewa. Ilikuwa sanduku kubwa lililotumia mabamba ya kioo yenye upana wa sentimita 13 na urefu wa sentimita 18. Mpiga picha alilazimika kubeba sanduku hilo, mabamba yenyewe ndani ya vifuko vyake, pamoja na stendi ya miguu mitatu. Kwa mtu mwenye afya njema hiyo ilikuwa adha. Kwa Barnack, aliyeugua pumu, yalikuwa mateso.

Hapo ndipo alipoanza kujiuliza iwapo picha ndogo haingetosha, mradi baadaye ikuzwe. Jaribio lake la kwanza lilikuwa sahili. Alichukua bamba moja kubwa akapiga juu yake picha ndogo ndogo kadhaa zilizopangwa safu safu, kisha akazikuza. Matokeo yalimvunja moyo. Chembechembe za dawa iliyopakwa kwenye bamba zilijitokeza waziwazi, na picha ikawa kama iliyonyunyiziwa mchanga.

Barnack alijifunza jambo ambalo hadi leo ndilo kiini cha suala hili. Kamera ikipunguzwa, sehemu inayopokea mwanga hupungua pia, na picha hupoteza ubora inapokuzwa. Wepesi una bei yake.

Mnamo Januari 1911 alihamia mji wa Wetzlar kufanya kazi katika kampuni ya Ernst Leitz, iliyokuwa ikitengeneza hadubini. Aliyempendekeza ni Emil Mechau, rafiki yake wa tangu Jena aliyekuwa ametangulia kuhamia huko. Ni jambo la kutajwa kwamba kampuni ilimpokea licha ya afya yake mbovu.

Wakati huo sinema ilikuwa imepamba moto. Barnack aliunda kamera ya sinema na akawa akichezea filamu zake mara kwa mara. Filamu hizo zilikuwa na upana wa milimita 35, zikiwa na matundu pembeni, na dawa yake ilikuwa laini kuliko ile iliyomwangusha kule Jena.

Picha moja ya sinema ilikuwa na kimo cha milimita 18 na upana wa milimita 24. Barnack aliilaza filamu ipite kwa mlalo, akaunganisha nafasi za picha mbili kuwa moja. Akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Ukipiga hesabu, bamba lake la zamani lilikuwa kubwa mara 27 kuliko picha hii mpya. Hata hivyo, kwa filamu laini na lenzi kali, picha hiyo ndogo iliweza kukuzwa na ikatazamika.

Kufikia 1914 alikuwa amekamilisha kamera ya majaribio iliyoundwa kwa chuma na iliyotosha mkononi. Ndani yake alitia hila nyingine ya kifundi. Kitendo kimoja cha kuzungusha filamu kilitega pia pazia la kupitisha mwanga, hivi kwamba mpiga picha hangeweza kusahau na kupiga picha mbili mahali pamoja.

Haki inadai isemwe kuwa Barnack hakuwa mtu wa kwanza kuwazia kamera ndogo, wala hakuwa wa kwanza kutumia filamu ya sinema kwa picha za kawaida. Wengine walijaribu kabla yake na wakati wake. Alichowazidi nacho ni kutokubali udogo uwe kisingizio cha picha mbaya.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilizuka mwaka huo huo wa 1914, na mradi ukawekwa kando. Barnack aliendelea kuitumia kamera yake mwenyewe. Aliipiga picha familia yake, na mnamo 1920 mto ulipofurika Wetzlar, alipiga picha za barabara zilizogeuka mifereji. Mtu mwenye sanduku na stendi ya miguu mitatu angepata taabu kubwa kupita mahali kama pale.

Baada ya vita Ujerumani ilikumbwa na mfumuko mkali wa bei. Mnamo 1923 kampuni ilitengeneza kamera zaidi ya 20 za majaribio, zikapewa wataalamu wazipime. Maoni hayakuafikiana. Waliozoea mabamba makubwa waliiona kamera hiyo kama kichezeo. Isitoshe, mpiga picha angehitaji pia mashine ya kukuzia picha, maana picha yenyewe ilikuwa ndogo mno.

Uamuzi ulikuwa mikononi mwa Ernst Leitz wa Pili, aliyeirithi kampuni kutoka kwa baba yake. Mnamo Juni 1924 aliitisha mkutano uliojadili suala hilo kwa saa nyingi. Wenye kupinga walikuwa na hoja nzito. Hii ilikuwa kampuni ya hadubini, haikuwa na uzoefu wa kuuza kamera, na nchi ilikuwa haijapona kiuchumi. Kazi za mafundi wengi zingekuwa hatarini iwapo bidhaa ingekosa soko. Leitz alisikiliza wote, kisha akaamua kuwa kamera itengenezwe.

Kamera hiyo iliingia sokoni rasmi katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mnamo Machi 1925. Ilipewa jina Leica, lililotokana na jina Leitz na neno kamera. Lenzi yake ilibuniwa na Max Berek, msomi wa kampuni hiyo, na iliweza kurudishwa ndani ya kamera ili chombo kizima kienee mfukoni.

Wanunuzi walipoongezeka, walitaka zaidi. Lenzi moja haikuwatosha. Kuanzia 1930 Leica ilianza kuuzwa ikiwa na uwezo wa kubadilishiwa lenzi, na mnamo 1932 ikatiwa kifaa cha kupimia umbali kilichounganishwa na lenzi. Mwaka huo huo Zeiss Ikon, kampuni ya ukoo mmoja na ile aliyoitumikia Barnack zamani, ilitoa kamera yake iitwayo Contax kushindana na Leica. Wale waliodharau sasa walikuwa wakifuata nyayo.

Barnack aliaga dunia mnamo Januari 16, 1936 akiwa na umri wa miaka 56. Tayari kamera yake ilikuwa imebadilisha kazi ya uanahabari. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa, aliyeanza kuitumia mapema miaka ya 1930, ni mmoja tu wa walioonyesha kuwa mpiga picha anaweza kuingia katikati ya umati bila kuonekana. Mnamo 2022, mojawapo ya kamera za majaribio za 1923, ambayo Barnack mwenyewe aliimiliki, iliuzwa kwa mnada kwa euro milioni 14.4.

Urithi wake mkubwa zaidi, hata hivyo, si wa mnadani. Kamera za kidijitali zisizo na kioo zinazopendwa na wataalamu leo mara nyingi hutumia kihisi cha milimita 24 kwa 36, kipimo kile kile alichokipata kwa kuilaza filamu ya sinema. Leica yenyewe haikuwa na kioo cha ndani, na kuanzia 1930 ilibadilishiwa lenzi. Wakati huo huo ilienea mfukoni. Barnack alikuwa ameviunganisha vitu viwili ambavyo mnunuzi wa leo anaambiwa achague kimoja.

Kwa nini basi vilitengana? Kihisi kikubwa hudai lenzi kubwa, na wanunuzi wakazidi kudai lenzi zivutazo mbali na zipitishazo mwanga mwingi. Kamera nyingi za mfukoni nazo zikapewa vihisi vidogo mno. Hata zile bora zenye kihisi cha milimita 8.8 kwa 13.2 hupokea picha iliyo ndogo zaidi ya mara saba kuliko kipimo cha Barnack.

Maisha ya fundi huyu yanampa mnunuzi njia ya kupima. Swali la kwanza si kamera ipi iliyo bora dukani, bali ni ipi utakayokubali kuibeba hadi picha ilipo. La pili ni picha hiyo itakuzwa kiasi gani. Anayepiga picha za safari na za jamaa ili azitazame kwenye simu hana haja ya kujitwika lenzi tatu. Anayepiga harusi ukumbini usiku, au anayechapisha picha kubwa za kutundikwa ukutani, atajuta akitegemea kihisi kidogo, kama Barnack alivyojuta alipoona chembechembe kule Jena.

Wahenga wa zama hizi husema usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita. Barnack aliijenga reli hiyo nyembamba, lakini alihakikisha kwanza kuwa chuma chake ni imara.