Salim Bey na Amana ya Uongozi

Mjini Kisii hapana asiyewajua ndugu zetu Wanubi. Wazee wao waliingia nchi hii wakiwa askari, na wengi wao, walipomaliza utumishi katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, walikaa katika miji ya bara kama vile Kisii, Kisumu na Eldama Ravine. Lakini ukimuuliza kijana wa leo, wa Kinubi au wa Kigusii, ni nani aliyewaongoza wengi wa wazee hao walipotoka upande wa mto Nile, aghalabu hana jibu. Kwa hivyo tumeona ni wajibu kueleza khabari za Salim Bey. Hatuzielezi kwa kujifakhiri kwa nasaba, kwani fakhari ya mifupa haimnufaishi mtu, bali tupate mafunzo.

Salim Bey alikuwa ofisa katika jeshi la Misri, katika jimbo la kusini ya Sudan lililokuwa likiitwa Equatoria. Liwali wa jimbo hilo tangu mwaka 1878 alikuwa Emin Pasha. Khartoum ilipotekwa na watu wa Mahdi, Januari 1885, jimbo lile lilikatika na dunia: hapana mshahara, hapana nguo, hapana amri kutoka Cairo. Mwaka 1888 baadhi ya maofisa walimuasi Emin wakamfunga. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo jeshi la Mahdi likaishambulia ngome ya Dufile. Katika wakati huo wa fitina na khofu Salim alisimama, akawakusanya askari waliogawanyika, na ngome haikutekwa.

Mwaka 1889 Stanley alikuja kumchukua Emin. Salim alikwenda kumuona, kisha akarudi nyuma kuwaleta watu wake. Safari ya watu wengi, wakiwemo wanawake, watoto na wagonjwa, haiwezi kwenda mbio. Stanley hakungoja, aliondoka tarehe 10 Aprili 1889, na Salim akabaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Angaliweza kuwaacha wanyonge ajiokoe nafsi yake, lakini hakufanya hivyo. Alikaa nao hapo zaidi ya miaka miwili, wakalima, wakafuma nguo kwa pamba waliyoipanda wenyewe, na wakaendelea na nidhamu ya kijeshi ingawa hapakuwa na serikali ya kuwalipa.

Septemba 1891 akaja Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, akitaka askari wa kushika Uganda. Salim hakurukia neema ile. Alieleza ya kuwa yeye ni mtu wa Khedive wa Misri, na hawezi kuingia chini ya bendera nyingine bila ya idhini ya bwana wake. Wakapatana kwa sharti hilo. Hebu tuzingatie: Cairo ilikuwa mbali sana, na kwa miaka ilikuwa haikumletea hata senti moja. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama angevunja ahadi yake, naye hakuivunja. Ndipo akaondoka na kundi lake, watu zaidi ya 8,000, wakapelekwa katika ngome za Toro na mipaka ya Bunyoro.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1893 serikali ya Uingereza iliishika Uganda, na Kapteni Macdonald akaachiwa madaraka. Mwezi wa Juni ulitokea mzozo baina ya Waislamu wa Buganda na wakubwa wa nchi. Salim, aliyekuwa Ntebe, alipeleka neno ya kuwa kuwapiga Waislamu hao ni kumpiga yeye. Macdonald aliliona neno hilo kuwa uasi. Wasudani wa Kampala walinyang'anywa silaha, na Salim akakamatwa, akahukumiwa na kuvuliwa cheo. Alipelekwa pwani hali ni mgonjwa mahututi, akafa njiani, Naivasha, mwaka huo huo wa 1893. Lugard mwenyewe aliandika kitabu akamtetea.

Kuna jambo hapa la kupima kwa uadilifu. Kuwahurumia ndugu zake katika dini kulikuwa kwema. Lakini neno la kiongozi mwenye bunduki si kama neno la mtu mmoja barazani. Alilisema yeye, wakavuliwa silaha wengine. Njia ya suluhu yataka iishe kwanza kabla ya kutaja vita.

Na wakubwa nao walikuwa na la kujifunza. Walipenda utii wa askari wale lakini walisahau haki zao. Mwaka 1897 Wasudani waliasi kweli, kwa sababu ya mshahara mdogo uliochelewa na safari za vita zisizokwisha. Uasi huo ulianza Eldama Ravine, na safari waliyotakiwa kuifuata ilikuwa ya Macdonald yule yule. Ahadi ina ncha mbili. Ukikata moja, ya pili haishiki. Na Wagusii wanajua jinsi mwaka 1908 jeshi lilivyochoma nyumba na kuteka ng'ombe wao: utii usioongozwa na uadilifu huwa msiba kwa asiye na silaha.

Enyi ndugu wa Kisii na Nyamira, sisi si majemadari, lakini kila mmoja wetu ana kikosi chake. Mwalimu wa chuo anayefundisha watoto wetu miezi mitatu bila ya kulipwa, kisha tukamlaumu kwa kuchelewa, ni askari wa Eldama Ravine. Muweka hazina wa msikiti asiyekaguliwa na mtu, na hesabu yake ikawa sawa, ndiye Salim wa Kavalli. Baba aendaye na mwendo wa mtoto aliye dhaifu katika nyumba yake ameijua safari ile. Basi tusingoje vyeo ndipo tujifunze uongozi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza ahadi na kutoa haki kabla ya kudai utii. Wabillahi tawfiq.