KESI ALIYOISHINDA THADDEUS STEVENS

Inapotajwa habari ya kukomeshwa utumwa Marekani, wengi humkumbuka Rais Abraham Lincoln peke yake. Leo tumeona inafaa tumweleze Thaddeus Stevens, wakili na mwanasiasa, ambaye maisha yake yana mafunzo kwa kila aliyekabidhiwa dhamana ya kuitumia sheria juu ya wenziwe.

Stevens alizaliwa tarehe 4 Aprili, 1792, huko Danville, katika jimbo la Vermont, akiwa na kilema cha mguu. Baba yake aliitupa familia. Mama ndiye aliyehangaika hata mwanawe akahitimu chuo cha Dartmouth mwaka 1814. Miaka miwili baadaye alianza kazi ya uwakili huko Gettysburg, Pennsylvania.

Mwaka 1821 ilifika mahakamani kesi ya Charity Butler, mwanamke mtumwa aliyedai uhuru wake na wa watoto wake. Kwa sheria ya Pennsylvania, mtumwa aliyeletwa katika jimbo hilo akakaa miezi sita alikuwa huru. Bibi huyo alikuwa ameletwa kwa vipindi mbalimbali, akadai kwamba vijumlishwe. Stevens, akiwa wakili wa mwenye mtumwa, alishikilia kwamba miezi hiyo sharti iwe mfululizo. Mahakama ikamkubalia. Wakili akapata ushindi. Mama na wanawe wakabaki utumwani.

Hatusemi kwamba Stevens alivunja sheria. Hapo hasa ndipo penye uzito wa jambo hili: sheria ilifuatwa herufi kwa herufi, na dhuluma ikatimia.

Katika miaka iliyofuata, Stevens alisimama upande wa pili. Aliwatetea watumwa waliotoroka bila ya kuwadai ujira. Mwaka 1835, sheria ya skuli za bure za Pennsylvania ilipokaribia kufutwa, hotuba yake katika Baraza la Wawakilishi la jimbo iliiokoa. Mwaka 1838 alikataa kutia saini katiba mpya ya jimbo hilo, kwa kuwa iliwanyima watu weusi haki ya kupiga kura.

Huko Washington, katika Bunge la Marekani, alikuwa miongoni mwa viongozi waliopigania marekebisho ya Katiba yaliyofuta utumwa mwaka 1865. Ulimi wake ulikuwa mkali, na maadui zake walikuwa wengi. Mwezi wa Juni 1863 majeshi ya Kusini yalikiteketeza kiwanda chake cha chuma. Hakurudi nyuma.

Hata hivyo, Stevens aliona kwamba uhuru usio na ardhi ni uhuru wa nusu. Alipendekeza mashamba ya mabwana wakubwa walioasi yachukuliwe, na kila mwanamume mzima aliyeachwa huru apewe eka 40. Wenzake wakalikataa pendekezo hilo, na watu wengi walioachwa huru wakaendelea kulima katika ardhi ya mabwana wale wale.

Stevens alifariki dunia tarehe 11 Agosti, 1868, akiwa na umri wa miaka 76. Maziara makubwa ya Lancaster, mji alioishi, hayakuwapokea watu weusi. Yeye aliyakataa, akachagua kuzikwa katika maziara madogo yasiyobagua rangi. Hiyo ilikuwa hoja yake ya mwisho, na hapakuwa na wakili wa kuipinga.

Tunawakumbusha watumishi wa Serikali kwamba kanuni zimewekwa ili zimlinde mwananchi. Mnyonge afikapo mezani akarudishwa kwa ajili ya siku zilizopungua katika karatasi zake, huenda kanuni ikawa imefuatwa sawasawa. Lakini afisa huyo na ajiulize kanuni hiyo iliwekwa kwa faida ya nani. Stevens alipewa miaka 47 baada ya kesi ile ya kutenda mema, naye akaitumia vyema. Charity Butler hakurudishiwa hata siku moja katika zile alizohesabiwa kuwa hazikutosha.