Daktari Robert Koch na Mikono Yake

Sina budi kwanza kueleza kilichonifanya niandike habari za Mjerumani aliyekufa mwaka 1910, badala ya habari za mpira kama wenzangu.

Muhula uliopita kulizuka mabishano makali bwenini kwetu. Tulikuwa tumetoka kufanya majaribio ya kemia, na katika darasa zima ni mimi peke yangu niliyevaa miwani ya kukinga macho na glavu. Walinicheka sana. Mmoja wao, ambaye kwa masomo hakuna anayemfikia, akasema kwamba Robert Koch, aliyegundua kidudu cha kifua kikuu, alifanya kazi kwa mikono mitupu akaishi mpaka uzee, basi mimi ni nani hata niogope asidi kidogo? Wote wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule nyingine, nilivuta asidi kwa mdomo katika pipeti, ikapanda kuliko nilivyotazamia. Siku nne nilikula uji uliopoa. Lakini sababu hiyo si jibu juu ya Koch, kwa hiyo nikaenda maktaba.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi, na baba yake alikuwa ofisa wa migodi hiyo. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Baada ya kutumika katika vita vya Wajerumani na Wafaransa, akapewa kazi ya daktari wa wilaya katika Wollstein, mji mdogo ambao leo umo Poland. Huko hakuwa na maabara yo yote. Alifanya utafiti wake nyumbani, mumo humo alimotibia wagonjwa.

Wakati ule kimeta kilikuwa kikiua ng'ombe na kondoo, na watu pia. Koch alichukua damu ya wanyama waliokufa, akawachanja panya kwa vijiti vyembamba vya mbao. Akaona kwa hadubini jinsi kidudu kinavyozaana, na jinsi kinavyojifanya mbegu ngumu inayoweza kukaa udongoni miaka mingi. Mwaka 1876 alikwenda Breslau kuwaonyesha wataalamu, nao wakastaajabu kwamba daktari wa shamba amefanya kazi kubwa namna ile.

Hapa ndipo nilipoona jambo ambalo mwenzangu hakulitaja. Vile vijiti, kabla ya kuvitumia, Koch alivipasha moto ili kuua kila kidudu kilichokuwamo. Glavu hakuwa nazo, ni kweli, lakini hakuwa mtu wa kupapasa ovyo. Alipohamia Berlin mwaka 1880, yeye na wasaidizi wake walichunguza kwa bidii jinsi ya kuua vidudu: mvuke wa moto unafanya nini, hewa kavu ya moto inafanya nini, na dawa ipi inaua na ipi inadanganya. Mwaka 1881 alionyesha kwamba asidi ya kaboliki, waliyoitegemea sana madaktari, haikuziweza mbegu za kimeta, bali kloridi ya zebaki iliziua upesi. Nawaomba wasomaji waikumbuke dawa hiyo ya zebaki, kwa maana nitairudia.

Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amekipata kidudu cha kifua kikuu, na jina lake likaenea duniani kote.

Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia Misri. Wajerumani wakamtuma Koch, na Wafaransa wakatuma watu wa Louis Pasteur, kila upande ukitaka kuwa wa kwanza. Katika Wafaransa alikuwamo kijana mmoja, Louis Thuillier, mwenye umri wa miaka 27. Mwezi wa Septemba 1883, huko Aleksandria, alishikwa na ugonjwa ule ule waliokuja kuuchunguza, akafa upesi. Koch na wenzake walikwenda mazikoni na mashada ya maua, na Koch akawa mmoja wa waliobeba jeneza. Baadaye akaendelea mpaka Kalkuta, akakithibitisha kidudu cha kipindupindu. Mimi nimesoma habari za jeneza lile mara tatu. Mwenzangu alimhesabu Koch aliyebeba, hakumhesabu aliyebebwa.

Tena Koch hakuwa mwangalifu sikuzote. Mwaka 1890 alipotengeneza tuberkulini, aliyodhani ni dawa ya kifua kikuu, alijidunga mwenyewe, akaugua homa kali. Dawa yenyewe haikuponya watu kama ilivyotangazwa, ingawa baadaye ilifaa kwa kupima.

Sasa nirudi kwenye zebaki. Madaktari wengi walianza kunawa kwa dawa hiyo kabla ya kupasua wagonjwa. Katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alikuwako muuguzi aitwaye Caroline Hampton, na zebaki ilimharibu ngozi ya mikono vibaya sana. Daktari wake wa upasuaji, William Halsted, akaagiza kiwandani glavu nyembamba za mpira kwa ajili yake, katika majira ya baridi ya 1889 na 1890. (Mwaka huo wa 1890 akamwoa, lakini hayo si ya gazeti la shule.) Basi glavu hizo za mpira zilianza kwa kukinga mikono ya muuguzi na dawa, wala si na vidudu, na dawa yenyewe ni ile aliyoisifu Koch! Alipokuwa akichanja panya wake Wollstein, glavu za namna hiyo zilikuwa bado hazijaingia hospitalini. Huwezi kumsifu mtu kwa kukataa kitu ambacho hakikuwako.

Koch alifika pia katika nchi yetu. Alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria na magonjwa ya ng'ombe. Akarudi mwaka 1905, mwaka wa Vita vya Maji Maji vilivyofika mpaka Mahenge, ng'ambo ya mto wetu wa Kilombero. Safari hiyo alitafuta asili ya homa ya papasi. Aliwakuta papasi katika udongo mkavu wa vibanda vya wasafiri, akapasua mayai yao, akaona vidudu vya homa vimo ndani, yaani mama huwarithisha watoto. Shauri lake kwa wasafiri lilikuwa rahisi: usilale kibandani, piga hema lako mbali kidogo. Hata hiyo naihesabu kuwa kinga. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, huko Kasongo, Kongo, daktari Mwingereza Joseph Dutton aliyekuwa akichunguza homa hiyo hiyo alikufa kwayo, umri wake miaka 30.

Mwaka 1906 Koch alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale kwa dawa yenye sumu ya arseniki. Wagonjwa kadhaa walipofuka macho, na jambo hilo haliwezi kufichwa. Mwaka huo huo, Luteni Forbes Tulloch, aliyekuwa akichunguza malale Entebbe, aliambukizwa maabarani alipokuwa akipasua panya, akafa. Koch mwenyewe alikufa kwa moyo huko Baden-Baden, tarehe 27 Mei 1910, umri wake miaka 66.

Papasi hao wamechunguzwa hapa kwetu pia. Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara. Mimi kwetu ni Mlabani, na mjomba wangu ni fundi wa maabara. Nilipomweleza mabishano yetu hakucheka. Alisema kuvaa tu hakutoshi, lazima ujue unajikinga na nini. Glavu nyembamba yafaa kwa damu, lakini asidi kali hupenya. Barakoa ya kawaida huacha nafasi pembeni, basi kwa kifua kikuu huvaliwa ile nzito inayobana uso pande zote. Na mtu aliyevaa glavu akashika kitasa cha mlango, amewaachia wenzake uchafu wote. Nikaona haya, kwa maana siku ile ya majaribio nilijikuna pua kwa glavu hizo hizo, na wenzangu hawakuona.

Mwenzangu nimemsomea haya yote. Amekubali juu ya Thuillier, juu ya asidi bado anabisha. Ila bwenini wamesikia habari za yule muuguzi wa Baltimore, na sasa wananiita Karolina. Majaribio yetu ya asidi ni Jumanne ijayo, na miwani nimekwisha kuiosha.