Ibn Sina: Tabibu mkimbizi aliyeuliza nafsi ni nini

Abu Ali Ibn Sina, ambaye Wazungu humwita Avicenna, alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na mji wa Bukhara, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Wengi humjua kwa kitabu chake cha utabibu, Al-Qanun, kilichofundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne kadhaa. Lakini aliacha pia swali ambalo wanafalsafa na wataalamu wa ubongo hawajalimaliza: fahamu ya mtu kwamba yupo inatoka wapi?

Akiwa bado kijana alishiriki kumtibu mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, na kwa sababu hiyo akaruhusiwa kusoma katika maktaba ya mtawala huyo. Neema hiyo haikudumu. Utawala ule ulianguka mwaka 999, baba yake akafariki, naye akauacha mji wake moja kwa moja. Alihama mji hadi mji, Gurganj, Jurjan, Rayy, hadi akafika Hamadan, katika Iran ya leo.

Huko alimtibu amiri Shams al-Dawla maradhi ya tumbo, akafanywa waziri. Askari wakaasi, wakapora nyumba yake na kudai auawe. Alijificha siku 40, mpaka amiri alipougua tena akamtafuta, akamwomba radhi na kumrudishia cheo. Amiri alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina alijificha tena, safari hii nyumbani kwa muuza dawa. Mwanafunzi wake al-Juzjani anasimulia kuwa humo, bila kitabu cha kurejea, aliandika sehemu kubwa ya Al-Shifa. Baadaye alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, kisha akatorokea Isfahan akiwa amevaa mavazi ya Masufi.

Katika Al-Shifa anamtaka msomaji afikirie mtu aliyeumbwa ghafla, mzima wa akili, akielea hewani. Haoni, hasikii, hewa haimgusi, wala viungo vyake havigusani. Hajui kama ana mkono wala moyo. Je, atajua kwamba yupo? Ibn Sina alijibu kuwa atajua, na kwa hiyo nafsi ni kitu kingine mbali na mwili.

Hata hivyo, hakuudharau mwili. Alifundisha kuwa kuunganisha habari za macho na masikio ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, kufikiri ni ya katikati, na kumbukumbu ni ya nyuma. Aliziweka kazi hizo katika mashimo ya ubongo. Leo tunajua kuwa hufanywa na seli za ubongo zenyewe, lakini wazo la kutafuta kila kazi mahali pake bado linatumika.

Wapo wanaompinga. Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kumjua mteja wake miaka mingi bila kujua kwamba ndiye mwenye lori analoliona kila siku. Kutojua kwake hakuwagawi kuwa watu wawili. Vivyo hivyo, mtu aweza kujifahamu bila kuuwaza mwili, na bado fahamu hiyo ikawa kazi ya mwili. Lakini nao wana deni. Mwaka 1995 mwanafalsafa David Chalmers alionyesha kuwa hata tukieleza kazi ya kila mshipa wa fahamu, bado tutakuwa hatujaeleza kwa nini mtu huhisi maumivu au huona wekundu.

Sisi tuliorudi kutoka ugenini tumeulizwa mara nyingi sisi ni nani, na jibu likatafutwa katika kitambulisho, cheti au hati ya shamba. Ibn Sina, aliyepoteza nyumba, cheo na mji wa kwao, alilitafuta jibu hilo mahali ambapo askari hawakuweza kupora.

Alifariki mwaka 1037, akazikwa Hamadan, mbali na Bukhara.