Rosemary Kennedy: Dada aliyefichwa, na kambi iliyochelewa kuja

Ukitaja jina Kennedy, wengi humfikiria John, yule Rais wa Marekani aliyepigwa risasi mjini Dallas mwaka wa 1963. Wazee wetu wana sababu nyingine ya kulikumbuka jina hilo. Mwaka wa 1960, wakfu wa familia hiyo ulitoa dola 100,000 kusaidia kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki hadi vyuo vya Marekani, kwenye ule mpango wa ndege wa Tom Mboya.

Lakini wakati familia hiyo ikiwafungulia watoto wa watu milango, kulikuwa na binti wao mmoja ambaye wageni hawakuambiwa ukweli kumhusu. Alikuwa dadake John. Jina lake Rosemary.

Alizaliwa Septemba 13, 1918, Brookline, jimbo la Massachusetts, wakati homa kali ya mafua ilikuwa ikiua watu kote duniani. Daktari alikuwa ameshikwa na wagonjwa wengine. Familia husimulia kwamba muuguzi alimtaka mama mtu ajizuie mpaka daktari afike, na mtoto akakwama njiani kwa muda mrefu. Wengi huamini kwamba ubongo wake ulikosa hewa hapo.

Rosemary alikuwa mtoto wa tatu kati ya tisa, na binti wa kwanza. Nduguze walikuwa moto wa kuotea mbali: mashua, kandanda ya Kimarekani, mijadala mezani. Babake, Joseph, tajiri mwenye tamaa ya siasa, hakutaka kusikia habari ya kushindwa. Sasa hebu fikiria mtoto aliyechelewa kutembea, akarudia darasa la chekechea, na kusoma na kuandika kukamlemea, akikulia katika nyumba kama hiyo. Mamake, Rose, alikaa naye kwa saa nyingi akimfunza. Alipofikisha miaka 11 alipelekwa shule ya bweni ya watoto wenye mahitaji maalum, na kutoka hapo akawa wa kuhamishwa shule moja hadi nyingine.

Usidhani alikuwa mtu wa kusikitika. Picha za ujana wake zinaonyesha msichana mrembo mwenye tabasamu pana. Alipenda nguo nzuri na kudensi. Kaka zake walikuwa wakimpeleka kwenye dansi na kuhakikisha hakai peke yake kando ya ukuta. Eunice, mdogo wake kwa karibu miaka mitatu, ndiye aliyekuwa akimchukua kuogelea na kusafiri kwa mashua. Kumbuka jina hilo, Eunice.

Mwaka wa 1938 babake aliteuliwa balozi nchini Uingereza. Rosemary, akiwa na miaka 19, aliingia kasri la mfalme na kuinama mbele ya Mfalme George wa Sita kama wasichana wengine wa tabaka lake. Huko Uingereza alipata shule iliyotumia mbinu za Montessori, akasaidia kuwasomea watoto wadogo, na akatulia. Alikuwa na kazi, watu walimhitaji, na hakuna aliyekuwa akimlinganisha na mtu. Huenda ndiyo miaka iliyokuwa mizuri zaidi maishani mwake.

Vita vikaharibu kila kitu. Mwaka wa 1940 alirudishwa Marekani. Kiangazi hicho alipelekwa kwenye kambi ya wasichana magharibi mwa Massachusetts, awe msaidizi wa walezi. Hakumaliza msimu. Hakuna aliyekuwa ameandaa nafasi ya mtu kama yeye pale: kiumri alikuwa mtu mzima, lakini kazi ya mtu mzima ilimshinda bila msaada. Alikuwa mkubwa mno kuwa mtoto wa kambi, na dhaifu mno kuwa mlezi. Basi akakosa pa kuwa.

Akapelekwa kwa watawa jijini Washington. Hapo hasira zikazidi, na usiku alikuwa akihepa kutembea barabarani peke yake. Babake akaingiwa na hofu: je, akipata mimba? Akidhurika? Na kashfa ikiwaangukia wavulana wake waliokuwa wakiandaliwa kwa siasa?

Novemba 1941, bila kumshauri mkewe ipasavyo, Joseph aliwaruhusu madaktari Walter Freeman na James Watts wamfanyie Rosemary upasuaji wa lobotomia. Ulikuwa upasuaji mpya uliosifiwa kwamba unatuliza watu wenye misukosuko ya akili. Walitoboa fuvu, wakaingiza kifaa na kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Rosemary alikuwa macho. Wakawa wanamwambia aseme na kuhesabu huku wakikata, na wakaacha alipoanza kuropoka.

Alikuwa na miaka 23. Aliyeingia chumbani akitembea na kuzungumza alitoka hawezi kufanya yote mawili. Ilibidi ajifunze upya kutembea, na mwendo wake haukuwahi kurudi sawa. Maneno yaliyorudi yalikuwa machache tu.

Kisha ukaja ukimya. Aliwekwa kwanza katika hospitali ya kibinafsi New York, na mwaka wa 1949 akahamishiwa makao ya watawa wa Kikatoliki mjini Jefferson, jimbo la Wisconsin, mbali kabisa na nyumbani. Kwa miaka mingi nduguze hawakujua alikokuwa wala alichofanyiwa. Waliouliza waliambiwa kwamba anafunza watoto. John alipogombea urais mwaka wa 1960, dadake alikuwa amefichwa karibu miaka 20.

Desemba 1961, Joseph alipatwa na kiharusi kilichomnyima uwezo wa kusema. Yule aliyeshikilia siri hakuweza tena kuitetea. Milango ikaanza kufunguka.

Eunice ndiye aliyeisukuma zaidi. Tayari alikuwa ameuelekeza wakfu wa familia kwenye utafiti wa ulemavu wa akili, na alikuwa ametembelea taasisi ambako watu wazima kwa watoto walirundikwa pamoja, wakikaa kutwa nzima bila shughuli yoyote. Halafu mzazi mmoja akampigia simu. Kiangazi kilikuwa kinakaribia, kila mtoto mtaani anaenda kambini, na hakuna kambi iliyokubali kumpokea mwanawe mwenye ulemavu wa akili. Afanye nini?

Eunice hakuunda kamati. Alimwambia amlete kwake.

Juni 1962, uga wa nyumba yake, iliyoitwa Timberlawn, katika jimbo la Maryland, uligeuka kambi. Watoto na vijana 34 walifika mwaka huo wa kwanza, pamoja na wasimamizi 26, wengi wao wanafunzi wa sekondari na vyuo. Hapo ndipo penye siri ya kambi ile: karibu kila mgeni alikuwa na mtu wake. Wataalamu wengi wakati huo waliamini kwamba watu hawa hawafai kuachwa waogelee wala kupanda farasi, kwamba wataumia au watachanganyikiwa. Kambini walipanda farasi. Waliogelea, wakacheza mpira, wakakwea miti. Eunice mwenyewe alikuwa akiingia bwawani na kuwashika mikono. Watoto wake wa kuzaa walicheza humo humo bila kutenganishwa na wageni.

Wale vijana walezi nao walibadilika. Wengine walifika wakiogopa, kwa sababu hawakuwahi kukaa karibu na mtu mwenye ulemavu wa akili. Baada ya siku kadhaa za kufukuza mpira pamoja, woga huo ukawa stori ya kucheka.

Rosemary hakuwa kwenye orodha ya waliofika. Alikuwa na miaka 43, yuko Wisconsin na watawa. Lakini miezi michache baadaye, Septemba 1962, Eunice aliandika katika jarida lililosomwa na mamilioni kwamba dadake Rais ana ulemavu wa akili. Hakusimulia yote, habari ya lobotomia ilikuja kujulikana na umma miaka mingi baadaye. Hata hivyo, wazazi waliokuwa wakifungia watoto wao chumba cha nyuma walisoma kwamba hata Ikulu ya Marekani kuna familia kama yao.

Mambo yakaenda kasi. Oktoba 1963, mwezi mmoja kabla ya kuuawa, John alitia sahihi sheria mbili za kusaidia watu wenye ulemavu wa akili. Kambi za mfano wa ile ya Timberlawn zikaenea kwingine. Julai 20, 1968, uwanjani Soldier Field, Chicago, takriban wanariadha 1,000 kutoka Marekani na Kanada walishiriki michezo ya kwanza ya Special Olympics. Leo michezo hiyo iko hadi kwetu, na Wakenya walikuwepo Abu Dhabi 2019 na Berlin 2023. Anayeshindana lazima awe na angalau miaka minane. Umri wa mwisho haupo, na hilo si jambo dogo.

Kwani mtoto mwenye ulemavu wa akili hukua. Mtaani kwetu, akiwa mdogo huenda akapata kitengo maalum shuleni. Akifika miaka 20 je? Wenzake wako chuoni au wanasaka kibarua, naye yuko sebuleni na mama, televisheni imewaka tangu asubuhi. Mama anazeeka. Wageni wakija, kijana anaambiwa aende chumbani. Hakuna anayemchukia. Hakuna tu aliyepanga siku yake, kama ilivyokuwa kwa Rosemary mwaka wa 1940.

Rosemary aliishi muda mrefu. Kuanzia miaka ya 60 na 70 alianza kurudishwa kwa familia, akitembelea nyumba za nduguze, akiogelea na Eunice kama zamani, na wapwa zake wakamjua. Mmoja wao, Anthony, mwanawe Eunice, alianzisha mwaka wa 1989 shirika la Best Buddies, linalounganisha vijana wa kawaida na wenzao wenye ulemavu wa akili wawe marafiki. Marafiki, si wahudumu.

Alifariki Januari 7, 2005, akiwa na miaka 86, ndugu zake wakiwa kando ya kitanda. Akazikwa Brookline, alikozaliwa, karibu na wazazi wake. Eunice alimfuata Agosti 2009.

Likizo ya Agosti ikifika, bila shaka utapanga na marafiki mahali pa kwenda: bwawa la kuogelea, uwanjani, pengine Karura. Kwenye ploti yenu kuna mtu mzima ambaye hajawahi kualikwa popote. Jina lake unalijua. Mlango wao pia unaujua.