Julia Margaret Cameron: Mama aliyegeuza banda la kuku kuwa studio ya picha

JULIA Margaret Cameron alikuwa na umri wa miaka 48, mama wa watoto sita, alipopewa zawadi ya kamera na binti yake na mkwewe mwezi Desemba 1863. Mumewe, Charles Hay Cameron, alikuwa na mashamba ya kahawa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, na mara kwa mara alikuwa safarini kuyakagua. Kamera ilikusudiwa kumwondolea mama huyo upweke. Hakuna aliyedhani kuwa ingekuwa kazi.

Alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815, akaolewa huko mwaka 1838 na mwanasheria aliyemzidi miaka 20. Familia ilihamia Uingereza mwaka 1848, na mwaka 1860 ikanunua nyumba mbili ndogo zilizopakana katika kijiji cha Freshwater, kisiwa cha Wight. Nyumba hiyo waliiita Dimbola, jina la shamba lao la kahawa.

Kamera yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye lenzi ya Kifaransa, ikipiga picha kwenye vioo vya sentimita 28 kwa 23 hivi. Mama Cameron hakukodi chumba wala hakujenga. Stoo ya makaa ya mawe aliigeuza kuwa chumba cha giza. Banda la kuku, ambalo lilikuwa na vioo vya kupitisha mwanga na alikuwa amewapa watoto wake, likawa studio. Kuku waliondolewa, na wanawe wa kiume waliokuwa wakipata faida kidogo kwa kuuza mayai mabichi wakapoteza biashara yao. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya mradi, ingawa hakuna aliyeiandika kwenye daftari la mahesabu.

Mtu wa kwanza kukaa mbele ya kamera yake alikuwa mkulima wa kijijini hapo. Alimlipa nusu crown kwa saa, yaani shilingi mbili na nusu za Kiingereza. Malipo hayo hayakuwa madogo. Kibarua wa shamba kusini mwa Uingereza katika miaka hiyo alipata kama shilingi 10 hadi 12 kwa wiki nzima, kwa hiyo saa nne au tano za kukaa tuli kwenye kiti zililingana na ujira wa wiki ya jembe. Baada ya saa nyingi na fedha nyingi picha ikatoka. Mama Cameron akainyanyua kioo kwa furaha ili kikauke, akapitisha mkono upande wenye dawa, picha yote ikafutika.

Ili kuona ugumu wa kazi hiyo, inafaa kufahamu jinsi ilivyofanyika. Kioo kilipakwa kolodioni, kikatumbukizwa kwenye maji ya nitrati ya fedha, kikawekwa kwenye kamera kikiwa bado kibichi, kikapigwa picha na kusafishwa kwa dawa kabla hakijakauka. Yote hayo ni ndani ya dakika chache tu, na ndiyo maana chumba cha giza kilipaswa kuwa jirani kabisa na studio. Dawa ya fedha iliacha madoa meusi kwenye mikono na nguo. Nyumba haikuwa na bomba, hivyo maji ya kuoshea picha yalichotwa kisimani. Karatasi za kuchapia zilipakwa ute wa yai, na picha zilipewa rangi yake ya mwisho kwa dawa yenye dhahabu. (Soko la karatasi hizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba viwanda vya Dresden, Ujerumani, baadaye vilitumia makumi ya maelfu ya mayai kwa siku. Wafugaji wa kuku walikuwa sehemu ya biashara ya picha bila wengi kujua.)

Mtaji wa kuanzia, basi, ulikuwa mdogo, lakini gharama za uendeshaji zilikuwa nzito: vioo, fedha, dhahabu, dawa na karatasi. Kila kioo kilichoharibika kilikuwa fedha iliyomwagika.

Mwishoni mwa Januari 1864 alipiga picha aliyoihesabu kuwa ya kwanza kufanikiwa, ya mtoto wa kike aitwaye Annie Philpot. Kuanzia hapo alishika njia yake. Badala ya kujaza studio mwanga kutoka kila upande kama walivyofanya wapiga picha wa mjini, alifunika vioo kwa mapazia na kuacha mwanga uingie upande mmoja. Nyuma ya mhusika aliweka kitambaa cheusi. Hakuweka nguzo za kuigiza wala meza za kupamba. Uso ulijaza picha, nusu ukiwa kwenye mwanga na nusu kwenye kivuli. Mhusika alitakiwa kutulia kwa muda mrefu, wakati mwingine dakika kadhaa, na akitikisika kidogo picha ilififia kingo. Wakosoaji wa Chama cha Picha cha London walimshutumu kwa picha zenye ukungu, mikwaruzo na alama za vidole. Yeye hakubadilika. Tukitazama kibiashara, bidhaa yake ilitambulika mara moja, na studio za mjini zilizotoa picha safi za kufanana hazikuwa na sifa hiyo.

Wahusika aliwapata karibu. Msichana wa kazi, Mary Hillier, alipigwa picha mara nyingi akiwa amevaa kama Bikira Maria, na majirani na watoto waliitwa kutoka barabarani. Muda wa wafanyakazi hao ulikuwa gharama pia, maana kazi za nyumbani zilisimama. Jirani yake mwingine alikuwa mshairi Tennyson, na kupitia watu kama hao alipata sura zilizouzika: mwanafalaki Herschel na mwandishi Carlyle mwaka 1867, na Charles Darwin mwaka 1868. Aliwaomba baadhi yao watie saini, kwa kuwa picha yenye saini ilikuwa na thamani zaidi.

Hakuacha mauzo yajiendee. Alisajili hakimiliki za mamia ya picha zake na kuuza kupitia duka la Colnaghi jijini London. Makumbusho ya South Kensington ilinunua makumi ya picha zake mwaka 1865, na mwaka 1868 ikampa vyumba viwili vya kufanyia kazi. Hata hivyo sifa haikulipa karo za watoto. Mwaka 1869 zaidi ya vioo 40 vilivyo bora vilianza kupasuka utando wa dawa, na picha zilizokuwa juu yake hazikuweza kuchapwa tena. Kitabu chake cha picha za mashairi ya Tennyson, kilichotoka mwishoni mwa 1874, kilimpa jina kuliko faida.

Mapato ya familia yalibaki kuegemea kahawa. Mwaka huohuo wa 1869 kutu ya majani iliripotiwa Ceylon kwa mara ya kwanza. Kwa mkulima wa Kilimanjaro au Nyeri ugonjwa huo si mgeni, lakini wakati ule haukuwa na dawa. Bei nzuri ya miaka ya 1870 iliwafanya wenye mashamba waendelee kupanda mibuni mipya, hivyo ukubwa wa hasara haukuonekana mapema.

Mwaka 1875 Mama Cameron na mumewe walihamia Ceylon ili kuwa karibu na wana wao na mashamba. Inasimuliwa kuwa walipanda meli na ng'ombe wa maziwa pamoja na majeneza mawili yaliyojazwa vyombo. Huko picha alizopiga ni chache. Dawa zilipatikana kwa shida, na wanunuzi walibaki London. Alifariki Januari 26, 1879, katika bonde la Dikoya, na mumewe akamfuata mwaka 1880. Katika muongo huo kutu ilimaliza kahawa ya Ceylon, mibuni iking'olewa na chai kupandwa, na Dikoya hadi leo ni nchi ya chai.