Seyyid Said na Wamazrui wa Mombasa

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za makoloni 13 ya Marekani, ambayo mwaka 1776 yalitangaza kwamba hayamtambui tena Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Mfalme alikasirika mno, akawahesabu kuwa waasi, akapeleka majeshi na hata kuajiri askari wa Kijerumani. Ingawa katika Bunge walikuwako watu, kama Edmund Burke, waliotaka apatane nao. Vita vilikwisha mwaka 1783, naye akashindwa. Mwaka 1785 akampokea kwa heshima John Adams, balozi wa nchi ile aliyoipoteza. Katika pwani ya Afrika Mashariki jambo la namna hiyo lilianza miaka 30 kabla ya lile la Marekani, na aliyelikomesha ni Seyyid Said bin Sultan.

Waarabu wa Oman waliwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698, wakaweka maliwali wao. Baadaye uliwali ukawa wa ukoo wa Mazrui, ambao asili yao ni Oman. Yapata mwaka 1746 Liwali Muhammad bin Uthman alipata habari kwamba ufalme wa Oman umeingia katika nyumba nyingine, nyumba ya Busaidi. Akakataa kumtii mtawala mpya, kwa kuwa aliona mtu yule alikuwa liwali tu kama yeye. Jawabu la Oman lilikuwa kutuma wauaji, naye akauawa ngomeni. Lakini nduguye Ali akaponyoka gerezani, akaitwaa ngome tena, na wenyeji wa Mombasa wakamwunga mkono. Tangu hapo Mombasa ikajitawala.

Said alizaliwa Oman yapata mwaka 1791. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804, na miaka miwili baadaye Said akashika ufalme, baada ya kuuawa kwa Badr, jamaa yake aliyekuwa akiuangalia. Na katika kuuawa huko mkono wa Said mwenyewe ulikuwamo. Alikuwa kijana bado. Inasimuliwa kwamba Abdallah bin Ahmad Mazrui aliposhika uliwali, badala ya zawadi za utii alimpelekea Said deraya, baruti kidogo na risasi. Maana yake ilikuwa wazi hata kwa mtoto.

Said hakufanya haraka. Watu wa Lamu, waliowashinda Wamazrui katika vita vya Shela, walikuwa wamemwomba ulinzi, akawapa. Kisha akawanyang'anya Wamazrui Pate na Pemba. Walipoona wamezungukwa, wakakimbilia kwa Waingereza, na mwezi wa Februari 1824 Kapteni Owen akakubali bendera ya Kiingereza itwekwe Mombasa. Lakini wakubwa wake hawakupendezwa na tendo hilo. Said alikuwa rafiki yao katika njia ya Bara Hindi, na mwaka 1822 alikuwa amefanya nao mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa. Urafiki huo ulikuwa na thamani kwao kuliko Mombasa. Mwaka 1826 bendera ikashushwa, Wamazrui wakaachwa peke yao.

Mwaka 1828 Said akaja mwenyewe na merikebu zake, mojawapo ikiwa Liverpool yenye mizinga 74. Ngome akaipata kwa mapatano, akaacha askari wa Kibalushi ndani yake. Lakini alipokwisha kuondoka, watu wa Mombasa wakawazingira askari wale mpaka wakatoka. Akarudi mara ya pili na ya tatu, asifanikiwe. Tena ni ajabu: mwaka 1833, Mombasa ikiwa bado inamkataa, Said alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, watu wale wale waliomkataa mfalme wao!

Kilichoiangusha Mombasa si mizinga. Wamazrui waligombana wao kwa wao juu ya uliwali, na baadhi yao wakamwendea Said. Mwaka 1837 Liwali Rashid bin Salim akasalimu amri, akaahidiwa amani. Kisha wakuu wa ukoo wakaitwa ngomeni kama kwamba ni barazani, wakakamatwa, wakafungwa, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas katika Uajemi, wasirudi tena. Waliosalia walikimbilia Gazi na Takaungu. Wako wanaomsifu Said kwa werevu wake katika jambo hili. Mimi sioni sifa katika kuvunja ahadi ya amani.

Baada ya hayo akayafanya makao yake Unguja, akaamuru mikarafuu ipandwe kwa wingi, kazi iliyofanywa na watumwa. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilifika New York. Misafara ya biashara ikapenya bara mpaka Tabora na Ujiji, na baadaye hata Ufipa kwetu, ikitafuta pembe na watu.

Said alikufa baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman, akazikwa Unguja. Thuwaini, mwanawe, akashika Oman, na Majid, mwanawe mwingine, Unguja. Majid hakukubali kuwa chini ya Oman. Mwaka 1859 Thuwaini akatayarisha merikebu ili amtiishe nduguye, lakini Waingereza wakamzuia. Na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wao katika Bara Hindi, akakata shauri kwamba Unguja ijitawale, nayo iilipe Oman riali 40,000 kila mwaka.